Kisanduku cha Nne

Fomu ya thelathini na moja usiku huu.
Chai imepoa, kalamu nyekundu imelala ubavu.
Jina: Nayra Colque Huarachi. Umri: miaka kumi na miwili.
Shule: ile ile, chini ya mlima ule ule,
yenye dirisha moja la kioo na matatu ya gunia.
Kisanduku cha nne, Kazi ya mama:
hana.

Nainuka. Nafunga dirisha lililokwisha kufungwa.

Mimi pia niliandika hivyo,
ulimi nje, herufi zikipanda na kushuka,
karani akiniamuru kutoka nyuma ya kaunta:
"Mama yako si yupo tu? Andika hana."
Na mama pale pale mlangoni, kofia mkononi,
vumbi la mlima limemganda kwenye kope,
akatikisa kichwa kukubali
kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu.

Hana kazi, na nyundo yake ilibadilishwa mpini mara tatu.
Hana kazi, na usiku vidole vyake havikukubali kukunjuka.
Alfajiri, maji ya ndoo yakiwa bado jiwe,
walipanda kwenye kifusi ambacho mgodi ulishakitema,
wanawake ishirini na kitu, wengi wao wajane,
wakaatamia baridi kama kuku mayai,
ngo, ngo, ngo,
wakivunja kilichotupwa, wakiutafuta mshipa mweusi wa bati
mwembamba kuliko uzi wa kushonea.

Darasani mwalimu alinipiga konzi
kwa kutomjua aliyeugundua mlima.
Kule juu konzi lilikuwa neno jingine:
kila Jumamosi, kabla mnunuzi hajaja na mizani yake ya uongo,
kila mmoja alichota konzi moja ya mawe yake
akaitia katika kopo la maziwa ya unga.
Kopo halikuandikwa kitu. Kila mtu alijua ni la nani.
Kiatu changu cha kulia kilikuwa Primitiva.
Cha kushoto, Bi Saturnina, ambaye hakunipenda,
nilimwibia viazi, lakini akatia.
Wino ulikuwa Casimira.
Nauli ya lori hadi Oruro ilikuwa mama, na pete yake.

Oruro niliwatafuta vitabuni.
Kuna picha: mhandisi, punda, wanaume tisa wenye taa.
Pembeni, pale picha ilipokatwa, kiwiko.
Kiwiko tu. Nakijua kile kiwiko.
Na kuna mwaka ule kampuni ilipotaka kukizungushia kifusi waya,
wanawake wakaketi relini siku tisa,
na watoto, na masufuria, na mimi tumboni.
Kitabu kinasema: treni zilichelewa
kwa sababu ya hali ya hewa.

Hali ya hewa hiyo ilikuwa na majina.
Iliitwa Eulogia Choque. Iliitwa Fortunata,
mwenye jino la dhahabu, aliyelaza sikio juu ya chuma
ili aisikie treni kabla ya wengine.
Iliitwa Nicolasa, ambaye hakurudi na vidole vyote.
Majina mengine siyakumbuki. Naona haya kusema hivyo.
Mama aliyajua yote, na mimi niliahirisha kumuuliza
mpaka hakukuwa na wa kuulizwa.

Wenzangu wa kamati watasema mtoto ana alama nzuri,
apitishwe, tukalale.
Na atapita, hilo halina mjadala;
fedha hizi ni kopo lile lile, limebadilika umbo tu.
Kalamu nyekundu ingeweza kulikata lile neno
ikaandika jingine.
Ningekuwa karani yule yule, nyuma ya kaunta yangu.

Nabandika kikaratasi juu ya fomu,
naandika taratibu kama mtu apandaye mlima:
Nayra, tumekupokea.
Viatu na nauli viko njiani.
Ila kisanduku cha nne hakijajazwa.
Rudi nacho nyumbani. Mngoje mama ashuke,
mpe maji ya moto anawe,
kisha muulize.
Muulize na jina la anayekaa kushoto kwake,
na la anayekaa kulia.
Nafasi isipotosha, andika nyuma.