Bega

Hawakuniambia habari za bega, Inkeri.
Waliniambia matundu matatu,
moja kitovuni, mawili chini ya mshipi,
kila moja halizidi kifungo cha shati.
Wakanionyesha kamera, nyembamba kama kalamu,
nikatia sahihi hata pale palipoandikwa
kwamba mambo yakiwa magumu watapasua tumbo kama zamani.
Pasome hapo. Uliza. Usione haya.

Gesi wanayokupulizia ili tumbo liinuke
haitoki yote. Inapanda.
Usiku ule, theluji ikijibandika dirishani, pale Oulu,
bega la kulia likaniliza,
nikadhani wamekosea mahali.
Muuguzi Raili akacheka kidogo, akaninyanyua:
“Tembea. Itaisha.”
Ikaisha siku ya tatu.

Kwa hiyo njoo na njaa, bila rangi ya kucha,
na gauni pana, na mtu wa kukurudisha nyumbani.
Usibebe kuni.
Homa ikipanda piga simu, hata saa nane usiku.

Uvimbe wangu ulikuwa kama chungwa.
Sijui waliupitishaje mlango ule mdogo.
Kovu hulitafuta kwa kidole siku hizi,
wakati mwingine silipati.
Bega nalikumbuka.