Neno Tupu

Mimi ndiye karani wa avenyu. Nilichaguliwa
kwa mwandiko, si kwa akili.
Jumamosi, baada ya salongo, tuliketi juu ya jiwe
lile lile walilokuja kutueleza habari zake.

Injinia Munyampala alikunjua karatasi,
akaikandamiza pembe nne kwa vipande vya lava:
hapa labo, etaji nne, ya kupima damu na makohozi;
huku nyumba sitini, kila moja na bomba lake;
na juu ya mchoro wote, kwa herufi ndogo za mashine,
*uwanja tupu*.

Basi ndipo ilipoanzia.

Kavugho wa makala alisimama, kitenge kikimlegea kiunoni:
"Tupu? Jana nimeanika hapa mihogo ya nyumba tisa.
Jiwe hili linakausha kuliko jua lenyewe.
Tangu lini utupu ukakausha mihogo?"
Tukacheka. Hangi, golikipa wetu, hakucheka.
Alitaka kujua mlingoti wake wa kushoto,
ule mwinuko wa lava kama mgongo wa ng'ombe aliyelala,
umechorwa wapi.
Injinia alitafuta. Akageuza karatasi. Hakuuona.

Kisha Nzigire, muuguzi wa zahanati ya kule chini,
anayeongea kama mtu anayehesabu vidonge:
"Damu ya mtoto wa Bauma ilipanda ndege kwenda Kinshasa.
Majibu yalirudi siku ya kuondoa matanga.
Yalisema: inatibika.
Mihogo anikeni kwangu, juu ya mabati. Mimi nataka labo."

Hakuna aliyekohoa.
Chukudu lilikuwa linashuka na magunia yake;
tukalisikiliza mpaka likaisha.

Shefu akaharakisha: na hizo nyumba sitini, ni za nani?
Hapo injinia akaanza kuongea Kifaransa.
Nikaandika: *jibu halikueleweka*.
Nikafuta. Nikaandika: *lilieleweka*.

Ndipo kila mtu akaongea. Kodi itapanda,
sisi tutashuka, mpaka Mugunga, mpaka tusipojulikana.
Wengine: acheni wivu, mji haukai kwa kuanika mihogo.
Paluku alidai walinzi wa labo watoke avenyu hii hii,
na akataja shemeji zake watatu kwa majina.

"Msingi," akasema injinia, "utashuka mita tano."

Mita tano.
Kalamu yangu ikasimama.
Mita tatu chini ya makalio ya Shefu
kuna jiko la mama yangu.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mlima ulipoteremka;
tulikimbilia Gisenyi na godoro,
na redio isiyo na betri.
Maharage yalibaki mafigani.
Mlima ukayamalizia kuyaivisha.

Kila asubuhi nayakanyaga nikienda kuchota maji
na sijawahi kumwambia mtu: samahani, napita juu ya kwetu.
Wakichimba watakuta nini? Kifuniko?
Alama ya duara ndani ya jiwe?
Labda hawatakuta kitu,
labda ndio huo utupu wao, wameupima sawasawa.
Nataka labo. Sitaki shimo.
Jaribu kula kwa vijiko viwili kinywani.

"Karani, una neno?"
Karani hana neno. Karani anaandika ya wengine.

Hatukupiga kura. Saa kumi na moja vijana wakaja na mpira,
mkutano ukasogea kando, ukasogea tena,
hadi ukawa watu watatu wanaobishana ukutani.
Injinia aliondoka na karatasi yake;
yale mawe manne yakabaki pale pale,
pembe za kitu ambacho hakipo.
Hangi akachukua mawili.

Usiku, kwa mwanga wa simu, nilinakili yote
kwa ajili ya komine: mihogo, mlingoti, mtoto wa Bauma,
hata shemeji watatu.
Nilipofika kwenye neno *tupu* niliacha nafasi
upana wa sufuria ndogo,
nikaendelea mbele.
Wakiuliza, nitasema wino uliisha
ukarudi.