Mjaza Kiti

Masharti tulisomewa mlangoni, saa tisa alasiri,
na kijana mwenye waya sikioni:
nguo nyeusi, viatu visivyolia,
mkoba uachwe, simu izimwe,
usimsemeshe nyota hata akikukanyaga.
Akiinuka, keti. Akirudi, ondoka.
Wakisimama wote, simama.
Kamera haipendi pengo.

Mimi ni Verlene Stuckey. Naendesha basi la shule,
na kila Novemba, tuzo za kantri zikirudi Nashville,
naomba kazi hii isiyo na mshahara
kama wengine wanavyoomba kwenda kuhiji.

Viti vya mbele hubandikwa sura za wenyewe,
picha za kucheka, meno kama vigae vya bafuni.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga.
Kiti cha kuazima huyapasha moto tu,
kisha huyatoa nje.

Mwaka huu walinisukuma safu ya tatu,
mahali pa Colter Radebaugh,
aliyeitwa nyuma ya jukwaa kuvaa gitaa.
Kushoto kwangu mkewe, ananukia limau na woga.
Akanishika mkono bila kunitazama,
akidhani labda ni shangazi wa mtu.

Ukaja Wimbo wa Mwaka.
Wakapiga vipande vya nyimbo tano, kila kimoja pumzi nne.
Wa nne ulipoanza nikakaza magoti.

Ile sauti inayomtangulia mwimbaji,
inayopanda kama mlango wa ghala
ukifunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha ng'ombe,
ile si ya Colter.
Ile ni ya Doyle. Mume wangu,
ameinamia gitaa lake la kulaza,
Februari, studio iliyo chini ya duka la mazulia,
ana homa, koti hajavua,
kucha ya kidole gumba ameiganda kwa gundi.
Alipiga mara mbili. Ya kwanza ndiyo waliyoichukua.
Wakampa hundi, akapita nayo dukani,
akaninunulia betri ya gari na mkebe wa mapichi.

Mei tukamzika.
Wimbo ukatoka Julai.
Jina lake kwenye kasha la santuri
nimelitafuta kwa miwani,
nimelitafuta bila miwani.

Mcheza kwao hutuzwa, ati.
Doyle alicheza kwao miaka thelathini na mmoja,
mitaa minane kutoka ukumbi huu.
Au pengine hakucheza. Pengine naye
alikuwa akijaza viti tu,
kati ya neno na neno la mwenye wimbo.

Bahasha ikagoma kufunguka. Watu wakacheka.
Kisha jina la Colter, na mkewe akauachia mkono wangu
kama mtu aliyegundua ameshika chombo cha jirani.
Ukumbi ukasimama. Nikasimama.
Colter akamshukuru Mungu, mama yake,
vituo vyote vya redio, wakili,
na mbwa wake aitwaye Biskuti.
Akanyamaza.
Akavuta pumzi kama mtu aliyesahau kitu sokoni,
na hakumbuki ni chumvi au ni sabuni.
Nikasubiri.
Muziki ukamfukuza jukwaani.

Aliporudi na kioo chake kifuani, nilikuwa nimeshainuka.
"Samahani, mama," akasema, akipita.
Nikavunja sharti la tano:
"Ya kwanza ndiyo waliyoichukua."
"Nini?"
Lakini waya sikioni ulikwisha kuniona,
na safu ya tisa kulikuwa na pengo.

Saa kumi na mbili asubuhi, barafu kwenye vioo.
Kituo cha tatu akapanda Tansy, mwenye miaka saba,
akasimama kando ya usukani, hataki kupita.
"Nilikuona kwenye televisheni," akasema.
"Watu wote wanapiga makofi,
wewe unapapasa paja, mbele, nyuma,
kama unapiga pasi."

Nyuma yetu lori likapiga honi.
Kaketi, nikamwambia.
Kiti chako kile pale.