Safu ya Nne

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi mali sina. Daftari ninalo:
kaye ya kurasa tisini na sita, jalada la kijani,
niliyoipiga mistari kwa rula ya mdogo wangu Kabwit,
naye akanidai faranga mia za kuikodisha.

Safu ya kwanza, kampuni.
Ya pili, siku nilipopeleka barua.
Ya tatu, siku ya kurudi.
Ya nne nimeiita "Jibu",
nayo imebaki safi kuliko shati langu.

Natafuta staji kwenye kazi ya matangazo.
Nataka kujua neno dogo linamsimamishaje
mtu mwenye haraka, mwenye madeni, mwenye njaa,
hata atabasamu mbele ya sabuni.

Baba alichora vibao Katuba miaka thelathini:
vichwa vya saluni, ng'ombe wa bucha,
simu yenye mbawa.
Zikaja mashine zinazochapa turubai refu kama behewa,
brashi zake zikakaukia ndani ya kopo la maziwa.
Hasemi kitu.
Ila kila asubuhi nikitoka
anakagua kola yangu kama anayekagua herufi.

Jumanne napeleka barua. Kwa miguu hadi mjini,
ndara miguuni, viatu mfukoni,
maana vumbi letu jekundu halijui heshima.
Nabadilisha nyuma ya posta, nimeegemea ukuta,
mguu mmoja kama korongo.

Alhamisi ni ya kurudi.
Kupeleka barua hata upepo unaweza.
Kurudi kunataka uso.

"Bosi yuko Kolwezi." Pembeni naandika: Kolwezi.
"Bosi yuko mkutanoni." Naandika: mkutano.
"Barua ipi?" akauliza sekretari, mara ya tatu,
na kikombe chake kimeacha duara la chai
juu ya jina langu.
Naandika: duara.
Natoa kopi nyingine.

Usiku mmoja, umeme umekatika,
nilitaka kuichana kaye yote niwashie makaa.
Kwanza nikahesabu, kwa mwanga wa simu:
kampuni thelathini na moja.
Waliosema hapana, wanne.
Nikahesabu tena.
Wanne!
Wengine wote hawajasema kitu,
mimi ndiye niliyekuwa nawasemea.
Nikalala.

Kwenye mstari wa ishirini na sita kuna mlinzi, Yav.
Jina langu hajui. Ananiita "wewe wa Alhamisi".
"Wewe wa Alhamisi, unajua kuandika?
Wanywaji wa jirani wamenimalizia ukuta."
Palikuwa na maandishi ya zamani: MARUFUKU KUKOJOA, FAINI.
Mkojo ulikuwa umeshafuta FAINI.

Nikakaa juu ya tofali.
Nikaandika, nikakata. Nikaandika, nikakata.
Tusi, hapana. Tishio lilikuwepo, lilioshwa.
Kesho yake nikaja na brashi ya baba,
niliyoiloweka usiku kucha ikakumbuka kazi,
nikaandika maneno matatu:

MAMA YAKO ANAPITA.

Alhamisi iliyofuata Yav alinipokea nje ya geti.
Hakusema bosi yuko wapi.
Alinishika mkono, akaubandika ukutani.
"Sikia."
Jua la saa nne, simenti ya moto, basi.
"Bosi ameuliza nani kaandika.
Nimemwambia, yule wa Alhamisi.
Amesema uje Jumanne."

Huenda Jumanne atakuwa Kolwezi.
Nimeshapiga pasi shati, nimeshatoa kopi mbili,
moja ya bosi, moja ya chai.
Usiku nikafungua mstari wa ishirini na sita.
Safu ya tatu: Jumanne.
Ya nne, baba akichungulia begani,
akinionyesha kwa kidole K iliyolegea mguu,
nikaandika polepole:

ukuta mkavu.