Alhamisi, Barabara ya Kumi na Mbili

Hatuna mwenyekiti, hatuna katiba.
Tuna nakala nne za makala moja, na ukurasa wa sita
umetoka mweupe: wino wa mashine uliisha kule Chumbageni
nikiwa nimeshalipa.

Tunakalia matairi, bandani kwa Mbaruku fundi baiskeli,
Ngamiani, baada ya isha,
wanafunzi saba wa utabibu. Wakati mwingine watatu.
Mvua ikinyesha, mimi na Eliapenda tu.

Sharti ni moja: ukitamka neno gumu
ulieleze kwa kitu kilichomo bandani.
"Neuroni," alisema Shekiondo, "ni waya wa breki."
Mwanamkuu akacheka hadi chai ikammwagikia.
"Waya hausiti. Waya hauwaulizi wenzake
kabla ya kuvuta."
Tukabishana nusu saa juu ya waya.
Nilipata zaidi hapo kuliko muhula mzima.

Usiku ule tulisoma habari za kiungo kilichokatwa
na bado kinawasha. Ubongo, makala ilidai, una ramani ya mwili,
na jimbo la mkono limepakana na la uso;
mkono ukihama, uso huvuka mpaka
ukajilimia pale. Mguse mtu shavu,
atakwambia umemshika kidole ambacho hana.

Mbaruku alikuwa akiziba pancha kwa mkono wa kulia,
mpira ameubana kwa kigutu cha kushoto.
Kiganja kilibaki kwenye korona, shamba la mkonge,
mwaka aliooa.
Hakuinua kichwa. "Nijaribuni."

Hatukuwa na kibali cha kamati yoyote. Tulikuwa na pamba.
Mwanamkuu akamwambia afumbe macho, akamgusa shavu,
taya, chini ya sikio, juu ya mdomo,
taratibu, kama anayefuta ukungu kwenye kioo.
"Wapi?"
"Shavuni."
"Na hapa?"
"Shavuni, binti. Unanitekenya."

Shekiondo akapekua kurasa mbio mbio
kana kwamba jibu liko kwenye ule wa sita.
Eliapenda akasema mtu mmoja si takwimu.

"Ila," Mbaruku akasema, akiipuliza gundi ikauke,
"ikilia kengele ile," akaonyesha kwa kidevu
baiskeli ya mtoto iliyoning'inia darini,
"gumba linaruka."
Lipi?
"La huku." Akaitazama hewa,
pale pale ambapo mkono ungefika.

Hakuna aliyekuwa na neno gumu.
Nikachukua kalamu, kwenye weupe wa ukurasa wa sita
nikaandika: kengele. gumba. kushoto. saa tatu na robo.
Nikatia alama ya kuuliza,
nikaikoleza.

Mwanamkuu alishainuka, kidole kimeielekea kengele.
Akasita. Akamgeukia mwenye mkono.
"Leo hapana," Mbaruku akasema, akijaza upepo.
"Na Alhamisi mje na makala nyingine.
Hiyo imepiga hodi nyumba siyo."