Kiatu cha Kushoto

Julai, Kutaisi, lami inanata kama gundi.
Paka wa ghorofa ya tatu amehamia kwenye beseni la kufulia,
na mke wangu Mzia anasema, bila kuinua macho
kwenye matango anayoyamenya:
"Tusipopanda milimani wiki hii, nitamuua mtu."
Hakuona haja ya kumtaja.

Basi tukafunga virago.
Virago ni neno dogo. Tulifunga nyumba:
magodoro mawili, sufuria ya maharage,
chupa kumi na nane tupu, za midomo mipana,
mali ya mama mkwe, Lamara,
ambaye haendi likizo kupumzika,
huenda kusindika.
Teona, miaka kumi na minne, alibeba simu, chaja,
na uso wa mtu anayepelekwa jela.
Bachana alibeba viatu vipya vyekundu, mkononi,
visije vikachakaa kwa kukaa garini.

Gari letu lina umri wa ndoa yetu
na tabia ni zilezile:
tambarare limetulia, mlimani linachemka.
Baada ya Tkibuli, kwenye kona, likachemka.
Nikafungua boneti, nikafumba mikono nyuma,
maana ndivyo tusiojua kitu tunavyotengeneza magari.
Lamara akashuka, akamimina maji yetu ya kunywa,
akalipiga kofi la mgongo kama mtoto aliyepaliwa.
Likawaka.
Hakuna aliyenitazama. Huo nao ni upendo.

Nyumba ya kupanga, juu ya Oni,
ilikuwa na baraza ya mbao inayolalamika kila ukanyagapo.
Eteri, mwenye nyumba, alituonyesha kila kitu mara mbili,
bafu mara moja, upesi.
Asubuhi nilivaa sweta.
Sweta! Mwezi wa saba!
Nikaenda kusimama barabarani ili wapitao wanione.

Siku ya tatu, mtoni.
Rioni kule juu si mto, ni ugomvi,
theluji ya jana inakimbia huku inatukana mawe.
Bachana alipanga viatu vyake juu ya jabali,
sambamba, kama dukani.
Cha kushoto kikaenda bila kuaga.

Yeye hata hakulia. Alifungua mdomo tu.
Na Teona, ambaye tangu Tkibuli
alikuwa ametupa maneno sita, nimeyahesabu,
akaruka majini na suruali yake,
na simu yake mfukoni.

Alitoka pale mto unapopinda
bila kiatu,
midomo ya zambarau, goti linavuja damu,
anacheka.
Kicheko kile nilikisikia mara ya mwisho
alipokuwa hana meno ya mbele.
Mzia akamkunja ndani ya kitambaa cha chakula
pamoja na makombo ya mkate wa maharage,
akimgombeza, akimbusu, akimgombeza.

Simu ililazwa kwenye mchele, ndani ya chupa ya Lamara,
ikafa humo kwa heshima.
Jioni hiyo, kwa kukosa la kufanya,
Teona akamuuliza bibi yake alikutana wapi na babu.
"Kwenye foleni ya sukari," akasema Lamara,
bila kuacha kutoa kokwa za squash.
"Sukari iliisha. Yeye akabaki."

Tulirudi na chupa kumi na saba zimejaa.
Joto lilikuwa linatungoja mlangoni kama mdai.

Sasa kila jioni Bachana ananivuta darajani,
kiatu cha kulia mkononi, cha kulinganishia.
"Mto si ni uleule, baba?"
Ni uleule, nasema.
Najua kuna mabwawa njiani, najua kuna nondo na matope,
lakini nasema: labda kimekwama Ambrolauri.
Anatikisa kichwa, kama fundi anayeelewa.

Jana Teona alikuja naye.
Akaegemea chuma upande wa pili, akashika zamu.
"Wewe tazama katikati," akamwambia mdogo wake.
"Mimi nitatazama kingo."