Moshi wa Kununuliwa

Katuba, avenyu isiyo na lami, nyumba ya tatu baada ya kinu cha mahindi:
hapo baba yangu Mwilambwe alichora juu ya mifuko ya unga.
Aliifua, akaipaka nyeupe mara mbili,
na bado maandishi yalichungulia.
Tazama vizuri anga la picha zake:
KILO HAMSINI, pale mawingu yanapoanzia.

Jirani yetu Chabala alifua shaba.
Mchana kutwa ti, ti, ti,
hata mama akazoea kusonga bukari kwa mwendo wa nyundo yake,
na wiki Chabala alipolala na homa
tulikula madonge.

Wateja walikuja jioni ya mshahara.
Walitaka ukumbusho, kitu cha kuning'iniza juu ya redio:
gari-moshi lililomleta babu na sanduku lake la bati,
mamba-muntu mwenye saa mkononi,
na bomba la kiwanda, bomba halikukosekana,
na kando yake kilima cheusi
ambacho hakikuumbwa na Mungu,
kilimwagwa tu, zamu baada ya zamu.
Mama Musau alikinyoshea kidole:
"Mle mna miaka thelathini na mmoja ya mume wangu."

Kisha bomba likanyamaza.
Rangi ya kijivu ikabaki koponi, ikaota ngozi.
Baba, na ukweli wake usiolisha watoto,
akalichora bomba kama alivyoliona:
baridi, kunguru amekaa mdomoni.
Miezi minne picha ikakaa ukutani.
Nani anunue kunguru?

Akaja Mama Musau, hana franka, ana kuku kwapani.
"Mwilambwe, weka moshi."
"Moshi hakuna, mama."
"Najua hakuna. Ungekuwepo, ningekuja kuununua kwako?"

Baba alicheka mpaka akakaa chini.
Usiku ule akaichana ile ngozi kwa kisu.
Sisi tukanyonyoa kuku.

Leo wageni hunisimamisha na kamera zao,
wanauliza mtaa huu wa wachoraji ulianza lini.
Nawapeleka kwa Mama Musau.
Redio haina betri, picha ipo.
Moshi umeanza kubanduka,
na katika ufa, mguu mmoja wa kunguru umetokea.

Nilikuja na brashi niuzibe.
Akanishika mkono:
"Mwache. Naye alikuwepo."